Koo Langu Lilipodhaniwa Spika Mbovu

Naomba nianze na kile mnachokijua ili tukimalize: ndiyo, nilivutana maiki na fundi mitambo mbele ya altare, Jumapili ya sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa kigango chetu cha Lipangalala, kanisa limejaa mpaka nje, padre mgeni amekaa pale na mikono juu ya magoti anatutazama, na ndiyo, nilimtukana, na tusi lilipita kwenye spika likafika barabarani. Kofi sikumpiga. Wanaosema nilimpiga kofi ni watu ambao kanisani hawakuwepo (ingawa sikatai kwamba mkono uliniwasha). Aibu ninayo, sitaificha, lakini hasira ninayo zaidi, na nikianza kuieleza msinikatishe.

Kwa wasionijua, mimi ni Skolastika, mitaani naitwa Mwalimu Skola au Mama Neema, na ualimu wangu si wa shule, ni wa kwaya. Riziki yangu ni cherehani hapa barazani na mpunga wetu kule Michenga. Kwaya ile niliipokea ikiwa na watu wanaoimba kila mmoja kwa njia yake, besi wanawahi, soprano wanachelewa, wanakutana kwenye amina tu, nikaikalisha chini nikaifundisha mpaka vigango vingine vikaanza kutuita. Sasa mwenyekiti wetu wa kamati ya kwaya, Mzee Gaspari, alikuwa ameanza wimbo wake mwenyewe, kwamba zama zimebadilika, kwaya ya leo inahitaji mwalimu anayejua kinanda, na kwa bahati ya ajabu (sijui bahati za namna hii huwa zinamkuta nani mwingine) mpwa wake Tito alikuwa ametoka kurudi kutoka Morogoro na kinanda chake begani. Ikasemwa wazi kwamba baada ya sikukuu ya somo kamati itakaa kuamua nani ashike kwaya. Kwa hiyo siku ile haikuwa ya kuimba tu. Ilikuwa siku ya mimi kubaki au kuondoka, na kila mtu aliyevaa joho alilijua hilo.

Na mimi nilikuwa na silaha yangu. Nilikuwa nimeipata shambani msimu ule mpunga ulipoanza kushika maziwa, mnajua tena, wote tunahamia huko, mtu unakaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti, kutwa nzima unaamia ndege wasile mpunga, unapiga debe, unavuta kamba ya makopo, unapiga kelele mpaka sauti inakauka, na katikati ya kelele na kelele unafungua simu. Ndipo nikakuta video ya mzee mmoja wa nchi ya baridi, ana kofia ya manyoya, nyuma yake farasi, anaimba sauti mbili kwa wakati mmoja. Nikadhani kuna mwenzake kajificha. Nikairudia mpaka bando likaisha.

Ni hivi: unashika noti moja ya chini, unaishikilia kooni bila kuitikisa, ulimi unaukunja hadi ncha iguse juu ya kinywa kama mtu aliyetaka kusema "la" akaghairi, midomo unaibana taratibu kutoka "u" kwenda "i", na kama Mungu yuko upande wako, juu ya ile noti ya chini unatokea mluzi mwembamba ambao unapanda na kushuka kadiri unavyousogeza ulimi. Kueleza ni rahisi. Mimi ilinichukua karibu msimu mzima wa ndege, ninakohoa, machozi yananitoka, udenda unanidondokea, na baba Neema akiniletea chakula anasimama chini ya dungu ananiuliza kama nimekwamwa na mwiba wa perege. Nilimwambia nafanya mazoezi ya kwaya. Akasema kama hiyo ndiyo kwaya basi yeye mwaka huu atasali nyumbani.

Siku mluzi ulipotoka, nilishtuka nikageuka nyuma kuangalia nani anapiga mluzi. Hakukuwa na mtu. Ulikuwa wangu, unatoka kichwani kwangu, mwembamba, safi, na chini yake koo langu linanguruma kivyake. Nililia, nawaambia kweli. Mtu umefundisha watu kuimba miaka yote hiyo halafu unagundua kwamba koo lako lilikuwa na chumba kingine ambacho hujawahi kukifungua.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza: nisimwambie mtu. Nilijua nikiwaambia wanakwaya mchana, jioni Mzee Gaspari ameshasikia, na kesho yake tumeshakatazwa. Isitoshe (niseme ukweli) nilitaka washangae. Nilitaka nimwone Mzee Gaspari amekodoa macho, anamtafuta mpwa wake na kinanda chake asijue amfiche wapi. Basi mazoezini nikawafundisha besi washike noti moja tu ya chini, waishike bila maneno mpaka nitakaposhusha mkono. Wakaniuliza juu yake kunaingia nini. Nikawaambia mtasikia siku hiyo.

Kwa sababu watu wangekuwa wengi, kigango kikakodi mitambo, na mitambo ikaja na fundi wake, Kasiani, mtu mzima wa rika langu, ana heshima zake, ila ana kiburi kimoja: spika zake hazipigi mluzi. Atakwambia hivyo hata hujamuuliza. Sasa asubuhi ile ile, kwenye somo la kwanza, spika moja ya upande wa wanaume ikapiga mluzi, mkali, watu wakaziba masikio, paroko akamgeukia Kasiani akamtazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kuanzia hapo Kasiani hakukaa tena. Misa nzima alikuwa amesimama na vidole juu ya vitufe vyake, jasho linamtoka, anasubiri mluzi mwingine. Mimi nilimwona. Nilimwona na sikufikiria kitu.

Nilichagua wimbo wa shukrani baada ya komunyo, pale watu wamepiga magoti, kumetulia, unasikia hata mtoto anavyonyonya. Nikainua mkono, besi wakaingia, chini, pamoja, vizuri kuliko walivyowahi. Nikaisogeza maiki mdomoni. Yule mzee wa kwenye video hufumba macho, na mimi nimejifunza kwake, nikafumba. Nikashika noti yangu, nikakunja ulimi, na ule mluzi ukatoka safi kuliko siku zote za shambani, ukapanda, nikaanza kuuchora wimbo nao juu ya besi, na nikajua moyoni kwamba kwaya nimeipata.

Kilichokuwa kinatokea nje ya macho yangu niliambiwa baadaye. Mluzi ulipoanza tu, kanisa zima lilimgeukia Kasiani. Hakuna aliyenitazama mimi, kwa nini anitazame, midomo yangu ilikuwa haichezi. Kasiani akashusha sauti ya maiki yangu. Mimi nikasikia nimefifia, nikasogea nikaongeza nguvu. Akashusha tena, nikaongeza tena. Akakimbia kwenye ile spika ya asubuhi akaigeuza ikatazama ukuta. Mluzi uko pale pale. Akaizima. Mluzi uko pale pale kwenye ile ya pili. Akina mama wa mbele wakawafunika watoto masikio kwa vitenge. Basi akaamua kuja kwenye chanzo, na nilipofumbua macho nikamkuta amesimama mbele yangu ameshika maiki yangu.

"Mama, achia. Hii maiki imeharibika," aliniambia kwa kunong'ona, kwa heshima kabisa.

Sasa ningemjibu vipi? Nikifungua mdomo, mluzi unakufa. Nikatikisa kichwa huku naendelea. Yeye akaivuta maiki kwake, na kwa kuwa imekwenda mbali na mdomo wangu, mluzi ukakatika kwenye spika, naye akapata uhakika kwamba ameukamata ugonjwa. Nikaivuta kwangu, mluzi ukarudi. Akaivuta kwake, ukakatika. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akaivuta kwa mikono miwili. Na mimi nikaishika kwa mikono miwili. Besi wale (Mungu awabariki, ishara ya kuacha nilikuwa sijawapa) wanaendelea na noti yao moja kana kwamba hakuna kinachotokea, na sisi wawili tunakwenda mbele na nyuma mbele ya altare, waya umemzunguka mguu, nusura aanguke na stendi ya maua. Hasira ikanipanda kutoka miguuni. Msimu mzima juu ya dungu, machozi, udenda, siku yangu ya mwisho ya kujitetea, halafu mtu anakuja kunizima kama taa. Nikaacha kuimba nikasema:

"Ni mimi, pumbavu wewe."

Nilisema ndani ya maiki. Watu waliokuwa nje wanasema wao walisikia vizuri kuliko sisi wa ndani.

Hata besi walinyamaza. Halafu watoto wa komunyo ya kwanza wakaanza kucheka kule mbele, na mimi badala ya kuinamisha kichwa kama mtu mwenye akili, nikaona niwaonyeshe papo hapo, bila maiki, waelewe ni nini kile. Lakini koo likiwa na hasira halifunguki. Nilikunja ulimi, nikabana midomo, na kilichotoka kilikuwa mkoromo wa nguruwe aliyeshtuliwa usingizini. Nikarudia. Ukatoka mwingine mkubwa zaidi. Paroko akasimama akasema, "Tuombe," na watu wote wakasimama, na ndivyo nilivyomalizwa.

Sasa nisikilizeni, maana hapo ndipo wengi wanadhani kisa kiliishia, na hapo ndipo hasira yangu ya kweli inapoanzia.

Baada ya pilau kamati ilikaa kwenye darasa la mafundisho. Niliingia nikijua nakwenda kunyongwa. Nikampa Mzee Gaspari shikamoo yake, akaipokea kwa upole ambao sikuuzoea, akaniambia nikae. Akasema Kasiani ameshakuja kuomba radhi, amekiri kwamba mitambo yake ilikuwa na hitilafu tangu asubuhi. Akasema padre mgeni kwenye chakula amesifu kwaya, amesema ina mwalimu anayejua kazi yake, kwa hiyo suala la kinanda liwekwe kando kwanza. Limebaki lile neno moja nililolitoa mbele ya altare. Niseme tu kwamba spika ilinichanganya, nikapandwa na hasira, naomba radhi, tusali, tuondoke.

Mmeelewa? Nilikuwa nimeshinda. Kwaya ilikuwa yangu, nimewekewa mezani, nilitakiwa kusema spika ilikuwa mbovu tu. Maneno matatu. Mtu mwingine yeyote Ifakara nzima angeyasema na kuchukua kwaya yake akaenda nayo nyumbani. Lakini mimi nilimwangalia yule mzee, nikafikiria jinsi nilivyolia siku mluzi ulipotoka, nikafikiria kwamba kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya kwa koo langu kitaandikwa kwa jina la spika ya Kasiani, tena mbovu. Nikashindwa.

Nikasema ile haikuwa spika, ni mimi, ni koo langu, nimejifunza.

Wakatazamana. Mzee Gaspari akaweka mkono sikioni kama hakusikia. "Unasema ule mluzi uliupiga wewe mwenyewe? Baada ya komunyo? Kwa makusudi?"

Nikasema ndiyo, naomba niwaonyeshe. Na safari hii (hapa ndipo ninapotaka kupasuka) ulitoka. Pale darasani, bila maiki, bila besi, ulitoka safi, ukagonga bati ukarudi, nikaupandisha nikaushusha, nikawapa wimbo mzima wa shukrani kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mama mmoja wa kamati alijiziba mdomo kwa kiganja. Mzee Gaspari aliniacha nimalize pumzi yote.

"Haya, tumesikia wenyewe," alisema. "Spika mbovu tungemrudishia mwenyewe. Wewe mama tukurudishe kwa nani?"

Nilipofika nyumbani kwaya ilikuwa ya Tito. Baba Neema aliniuliza kwa nini sikunyamaza, nikamwambia asiniulize tena swali hilo maisha yake yote, na hajaniuliza.

Kama mnataka fundisho, fundisho ni hili: ukiwa na jambo jipya, kabla hujamwambia Mungu mwambie kwanza fundi mitambo. Na la pili, watu wakishakubali uongo unaokufaa, usiwaletee ukweli wako bila kuombwa. Nimeapa kwenye hayo yote mawili. Ningekuwa nimemalizia hapo tungecheka tukaagana, lakini kuna kitu kimezuka baadaye, na sijui nimweleze nani kama si ninyi.

Wiki chache zilizopita Tito alikuja hapa barazani. Amevua kofia, amenipa shikamoo, amekaa kwenye kigoda bila kukaribishwa mara mbili. Kumbe padre mgeni alimuuliza paroko ile sauti ya ajabu ilikuwa nini, akasema atafurahi kuisikia vizuri atakaporudi kwetu. Paroko akawaambia kamati. Kamati, ile ile, na Mzee Gaspari akiwa mwenyekiti wake yule yule, imemwagiza Tito aende akajifunze kwa Mama Neema ili kwaya iweze kumwimbia mgeni. Sikuitwa mimi kuimba. Ametumwa yeye kuchukua. Nilikuwa nimeshika mkasi wa kukatia, nikauweka chini polepole.

"Najua walikukosea, mwalimu," alisema Tito. "Mimi sikuomba kwaya. Ila kile kitu ulichofanya, tangu siku ile silali vizuri nikikiwaza."

Bora angekuwa na kiburi. Mtu mwenye kiburi unamfukuza. Huyu alikuwa na adabu, ana masikio, na ana kiu ile ile niliyokuwa nayo mimi, nikaiona machoni kwake, na iliniudhi kuliko maneno yote ya mjomba wake. Nikamwambia aje Jumamosi.

Akaja. Nikampa noti ya chini. Nikamwambia aishike. Jumamosi iliyofuata akaja akiwa ameishika vizuri, nikamwambia bado, aendelee. Iliyofuata nikampa ulimi, lakini midomo sikumpa, nikamwambia midomo haina kazi. Anakaa hapo kwenye kigoda ananguruma, mimi nashona, wapita njia wanamtazama, na kila akimaliza ananiuliza imekuwaje, na kila Jumamosi namwambia bado, hatua inayofuata ina wakati wake. Mgeni anarudi karibuni. Sina haraka.

Jumamosi hii iliyopita alikuwa amechoka, amefumba macho, nadhani alijisahau, midomo ikajibana yenyewe. Mluzi ukatoka. Ulikuwa mwembamba, unatetemeka, umekaa hewani pale juu ya ngurumo yake muda wa pumzi moja. Mguu wangu ukasimama kwenye cherehani. Nilijua alichokuwa anasikia, maana mtu wa kwanza kuusikia kutoka ndani ya kichwa chake hudhani ni wa mwingine. Akafumbua macho, akageuka nyuma kuangalia barabarani kama kuna mtu amepita anapiga mluzi. Halafu akanigeukia, uso wote umefunguka.

"Mwalimu, hiyo imetoka?"

Nikapindua kitambaa, nikakirudisha chini ya sindano.

"Bado," nikamwambia.

Akashusha mabega. Akasema asante, akaomba radhi kwa kunipotezea muda, akavaa kofia yake akaondoka. Jumamosi atakuja tena, na nimeapa kwa jina la somo wa kigango kwamba nitamwambia ukweli. Ila naona niseme lote: wiki nzima hii nimekuwa nikiapa hivyo asubuhi, na ikifika jioni nimeshakasirika upya.